Kichaka Kisicho na Mwenyewe

Wanaobishana hapa ni wa kubuni. Nimewaokota kidogo kidogo kwenye vibanda vya michezo ya video, vyumba vya walimu na viti vya matatu za Njoro, nikawaketisha pamoja kwenye benchi nje ya kibanda cha kutengeneza simu, Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Ndani kuna skrini mbili ukutani kwa wanaocheza kwa kulipia. Fundi ndiye mwenye kibanda. Mwalimu alimfundisha Fundi shule ya msingi, na sasa ni mlezi wa klabu ya wanyamapori shuleni kwake. Kogo amekuja kumchukua mjukuu wake wa Gredi ya 5, ambaye hana haraka ya kuchukuliwa. Wahusika nimewatunga, ila wanachobishania hakikutungwa.

MWALIMU: Fundi, nilikufundisha hesabu, sayansi na adabu. Leo nakukuta unawafundisha watoto wangu kuwinda.

FUNDI: Karibu Mwalimu, keti. Anayewinda ni nani? Huyu hata jogoo wa jirani anamkimbia. Anacheza Pokémon, tena ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1996. Ilitengenezewa kimashine cha mkononi ambacho leo simu kuukuu yoyote inakiiga bila kupata moto. Hamna bunduki, hamna damu. Kizimwi kikishindwa kinazimia tu, unakipeleka zahanati, kinatibiwa bure. Nionyeshe mchezo mwingine kwenye ukuta huu wenye zahanati ya bure.

MWALIMU: Damu sijaitaja. Mweleze Kogo unavyochezwa.

FUNDI: Ni rahisi, Kogo. Mtoto anatoka kwao, anachagua kizimwi kimoja kati ya vitatu: cha majani, cha moto au cha maji. Anaingia kwenye nyasi ndefu. Kizimwi cha porini kinamtokea. Anakipiga kwa chake mpaka kilegee, halafu anarusha mpira, kinaingia ndani, kimeshakuwa chake. Anakifuga, anakizoesha kupigana, kinakua, kinageuka umbo. Viko 150, na kimoja cha siri. Kazi ni kuvipata vyote.

KOGO: Na chenyewe kinakubali?

FUNDI: Kukubali nini, Kogo?

KOGO: Kuingia kwenye huo mpira.

Hapo Fundi alitafuta jibu kwenye droo ya bisibisi, asilipate. Niingilie kidogo, maana swali la Kogo lina mizizi mirefu kuliko alivyojua. Aliyeubuni mchezo huu, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akiwa mtoto wa kukamata wadudu. Wenzake walimpachika jina la daktari wa wadudu. Kisha mji ukapanuka, vichaka na vidimbwi alivyovizoea vikageuka majengo. Yeye na wenzake wa kampuni ya Game Freak walitumia takribani miaka sita kutengeneza mchezo ambamo mtoto wa mjini angeweza tena kupekua nyasi na kutoka na kitu mkononi. Huko Japani kufuga mdudu si ajabu: mbawakawa wenye pembe huuzwa madukani kila kiangazi, na mtoto huwalea chumbani mwake. Kwa hiyo kizimwi ndani ya mpira ni mbawakawa ndani ya kopo. Ulikuwa mchezo wa kuomboleza kichaka kilichokufa.

Nakuru hali ni nyingine. Kichaka hakijafa. Kiko hapo nyuma ya uzio wa umeme, na ndani yake kuna vifaru weusi na weupe. Mtoto wa Kaptembwo anaweza kuishi umbali wa matembezi kutoka kwa kifaru mpaka amalize darasa la nane la zamani, asimwone, kwa sababu kiingilio cha mbuga ni pesa ambayo nyumbani ina kazi nyingine.

FUNDI: Umeona? Huyo anayeandika ananiunga mkono. Mbuga inalipisha, mimi nalipisha kidogo.

MWALIMU: Hajakuunga mkono, anapiga hesabu. Na wangu huingia. Klabu za Wanyamapori za Kenya zipo tangu mwaka 1968, na mle mbugani kuna hosteli yao. Huwapeleka kila mwaka nikipata basi.

FUNDI: Ukipata basi.

MWALIMU: Nikipata basi. Sasa nikuulize. Walipoingia mwaka jana, kitu cha kwanza walichotafuta ni flamingo, maana ndiye aliyeko kwenye kadi na kwenye fulana. Tuliona wachache, mbali. Nikawaeleza sababu: ziwa limepanda kwa zaidi ya miaka kumi, lango kuu la zamani limezama, maji matamu yamepunguza ukali wa magadi, na ule mwani wa kijani ambao flamingo wadogo wanauchuja kwa mdomo hauwezi kustawi kwenye maji mepesi. Wakahamia Bogoria na kwingine. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, si wangebaki hapa, hapa ndipo mahali pao?" Hilo ni wazo la mchezo wako. Kwenye mchezo kila kizimwi kina uwanja wake, utakikuta pale leo, kesho na mtondogoo, kinakusubiri wewe. Hakina njaa, hakina sababu.

FUNDI: Hapo umesema uongo kidogo, Mwalimu, na mimi ndiye mwenye duka. Matoleo ya Gold na Silver, mwaka 1999, yaliwekewa saa. Kuna vizimwi vinavyotoka usiku tu. Baadaye wakaongeza mvua, majira. Watoto waliocheza hayo wanajua kwamba bundi hatafutwi saa sita mchana. Wewe mwenyewe ulitumia kipindi kizima kunifundisha hilo, na sikuelewa.

Nampa Fundi haki yake. Kama Mwalimu angeishia hapo, ningesema mjadala umemshinda. Lakini alikuwa ameshika kisa kingine, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

MWALIMU: Unaikumbuka habari ya chungu wa Naivasha?

FUNDI: Wale Wabelgiji?

MWALIMU: Wale. Kogo, hii ni kaunti yetu hii hii. Aprili 2025, mvua za masika zimeshuka, vijana wawili kutoka Ubelgiji, wadogo kabisa, wametoka shule juzi, wamekamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha. Hawana pembe za ndovu, hawana ngozi ya chui. Wana chungu.

KOGO: Chungu cha kupikia?

MWALIMU: Chungu mdudu, Kogo. Wale wekundu wakubwa wanaobeba mbegu za nyasi kupeleka shimoni. Walikutwa na malkia wapatao 5,000, ndani ya vichupa vya maabara zaidi ya 2,000, kila kichupa kimezibwa kwa pamba ili mdudu aishi hata miezi miwili njiani. Shirika la wanyamapori, KWS, likaliita jambo hilo wizi wa rasilimali za viumbe. Mwezi Mei, mahakama ya pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, wakishindwa jela miezi 12. Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja, kwenye kesi yao tofauti, walipewa adhabu hiyo hiyo.

KOGO: Chungu 5,000 wa nini?

MWALIMU: Wa kufuga. Huko Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga chungu ndani ya vioo, wanawatazama wakichimba, wakilea watoto, wakiongezeka. Malkia mmoja tu wa aina hii hufikisha bei ya mbuzi. Wanaanza na mmoja, wanataka aina ya pili, ya tatu, ya nchi hii na ya nchi ile. Wanataka wote, Fundi. Umelisikia wapi hilo neno?

FUNDI: Ngoja, ngoja. Wale vijana walicheza Pokémon? Ushahidi uko wapi?

MWALIMU: Sina, na sidai kwamba mchezo ndio uliowatuma. Wangecheza bao usiku na mchana huenda wangekuja vilevile. Ninachokwambia ni kwamba walipofika kortini walikiri kosa na kusema hawakujua kwamba ni kosa. Na mimi nawaamini. Nyasi zilikuwa wazi, mdudu yuko juu ya udongo, hakuna aliyesimama pale akasema huyu ni wangu. Mtoto aliyekulia kwenye nyasi za mchezo wako atajuaje?

FUNDI: Mimi nilikulia Njoro, Mwalimu. Tulimkamata dundu, tukamfunga uzi mguuni, akazunguka akilia vuu mpaka akachoka. Hakuna aliyenipeleka kortini.

KOGO: Na kumbikumbi mvua ya kwanza. Tuliwafunika kwa blanketi shimoni, tukawajaza kwenye debe. Hao wengi kuliko 5,000.

FUNDI: Asante, Kogo!

KOGO: Tuliwala.

MWALIMU: Ndiyo tofauti. Kumbikumbi unamla jioni ile ile, na shimo unaliacha na malkia wake ndani, mwaka ujao unarudi. Malkia wa chungu wavunaji hutoka na mvua, akapandwa, akatupa mbawa zake, akajichimbia. Ukimchukua huyo umechukua shimo zima ambalo halijachimbwa, mbegu ambazo hazijabebwa.

FUNDI: Wengi wao huliwa na ndege kabla ya kuchimba chochote, hata hilo ulinifundisha wewe.

MWALIMU: Ndege ni wa hapa. Akila, anakunya hapa.

Kogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha akauliza swali ambalo nilidhani ni la kubadilisha mada: kama kwenye huo mchezo yupo Chemosit.

FUNDI: Sasa hivi wamepita elfu, Kogo, lakini huyo simjui.

KOGO: Ana mguu mmoja. Nusu mtu, nusu ndege. Anatembea kwa fimbo kama mkuki. Mdomo wake mwekundu unawaka usiku kama taa, mtoto akiuona anadhani ni nyumbani kuna moto, anaufuata. Ndivyo wanavyopotea.

MTOTO: Ukimpiga na kizimwi cha maji?

KOGO: Hapigwi. Unakaa ndani.

Chemosit wa Kogo si porojo za kutishia watoto wa siku hizi tu. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alimwandika kwenye kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, akiwa na mguu ule ule mmoja na mdomo ule ule wa kuwaka. Wakikuyu wa Bahati na Njoro wana irimu lao, Waluhya wana manani wao, na Mswahili ana zimwi lake lenye ngoma. Bonde hili la Ufa lina wahamiaji wa kila kabila, na kila kabila lilikuja na jitu lake. Nimejaribu kukumbuka ngano moja ya bara ambayo mtu analifuga jitu hilo, nikakosa. Majitu hukimbiwa au hupumbazwa, mara nyingine hupasuliwa kidole wakatoka watu waliomezwa. Hakuna anayelilisha. Ngano ya kufuga ninayoijua inatoka Unguja, na Mwalimu anaijua kuliko mimi.

MWALIMU: Nunda, mla watu. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 kwenye mkusanyo wake wa ngano za Kiswahili. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama. Watu wakaenda kushtaki, Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake, kesi imekwisha. Paka akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akapanda mpaka kwa ng'ombe, punda, ngamia, kisha watu. Kila wakishtaki, Sultani ana jibu moja. Mpaka siku paka alipokula wana wa Sultani mwenyewe, ndipo akatambua kwamba huyu si paka tena, ni Nunda.

FUNDI: Kwa hiyo kufuga ni vibaya. Nilijua utafika huko.

MWALIMU: Paka anafugwa nchi nzima, Fundi. Kosa la Sultani halikuwa paka.

FUNDI: Endelea basi, mwisho wake ukoje?

MWALIMU: Alikuwapo mtoto wa saba, Mkaa Jikoni, ambaye kazi yake ilikuwa kushinda na wapishi. Akaingia porini kumtafuta Nunda. Hajui Nunda anafananaje. Akaua mbwa, akamburuta mpaka kwa mama: huyu ndiye? Mama akasema siye. Akaua fungo, siye. Punda milia, siye. Twiga, kifaru, tembo, kila akirudi mama anamwambia siye, mwanangu. Mwishowe akampata mwenyewe amelala kwenye kivuli.

MTOTO: Hiyo ni gemu!

FUNDI: Mwalimu, umejifunga bao! Huyo Mkaa Jikoni ndiye mchezaji wa kwanza wa Pokémon duniani. Anatoka nyumbani, anaanza na mnyama mdogo, anapanda ngazi, kila akipata anarudi kwa mama kuhakikisha jina kwenye orodha. Mwaka 1870! Mjapani kachelewa.

MWALIMU: Na katika ngazi hizo tembo ana kosa gani? Twiga alimla nani? Wote wamekufa kwa kosa la paka wa ikulu. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kifaru peke yake angeweza kumfunga kijana huyo maisha.

Kwangu, Fundi ameshinda kuhusu umbo la hadithi, na ameshinda vizuri. Wanaosema michezo hii ni ya kigeni na haina asili kwetu wasome Nunda kwanza. Lakini Mwalimu ameshika uzi ambao yeye mwenyewe hakuuvuta hadi mwisho, nami nauvuta. Jibu la Sultani, kwamba paka ni wake na ndama ni wake, ndilo lililomlea Nunda. Nyama ilikuwa chakula tu. Kwenye mchezo wa vizimwi, jibu hilo limetandazwa chini ya nyasi zote kama udongo. Kizimwi kilicho na mfugaji huwezi kukitupia mpira, mchezo unakukataza, mpira unazuiwa. Kizimwi cha porini ni cha atakayewahi. Kati ya mali ya mtu na kichaka cha bure hakuna kitu cha tatu. Hakuna malisho ya jamii, hakuna mzee wa kuombwa ruhusa, hakuna kizimwi ambacho ni cha ziwa.

Na sisi tunaishi kwenye hicho kitu cha tatu. Kifaru wa Nakuru si wa mtu, lakini si wa bure. Chungu wa Naivasha si wa mwenye shamba alikochimba shimo, wala si wa Mbelgiji. Jambo hili ni gumu kumweleza mtu mzima, sembuse mtoto, na najua watu wazima waliokasirika waliposikia faini ya shilingi milioni kwa ajili ya wadudu, wakati nyani wanaotoka mbugani wanakula mahindi yao na fidia haiji. Hasira hiyo siidharau. Ila naona kwamba mtu anayesema "ni chungu tu" anasimama kwenye nyasi zile zile za mchezo, hata kama hajawahi kuucheza.

FUNDI: Mmemaliza kunisulubisha? Basi niseme moja. Yule Mjapani alitoa mchezo wake kwa matoleo mawili, jekundu na la kijani. Kila toleo lina vizimwi ambavyo lingine halina, na vingine havikui mpaka vibadilishwe kati ya wachezaji wawili. Kulikuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili. Satoshi Tajiri alisema aliwaza wadudu wakitambaa ndani ya waya huo kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Ukiwa peke yako huwezi kuvimaliza hata ucheze miaka kumi. Watoto wa Rhonda na wa Section 58 wanakutana hapa kwenye benchi hili kwa sababu hiyo. Nitajie somo lenu linalowakutanisha.

MWALIMU: Hilo nakupa.

FUNDI: Bila masharti?

MWALIMU: Bila masharti. Ningependa tu wakutane kwa kitu ambacho hakihitaji stima.

Yako mambo waliyoyagusa na kuyaacha, nami nayaacha: michezo mipya ya simu inayouza mayai na mipira kwa pesa halisi, salio la mzazi linavyoyeyuka, na ile Pokémon Go ya mwaka 2016, inayomtaka mtoto atembee ili yai lianguliwe, lakini ikimtaka pia awe na bando. Hayo ni mambo ya biashara, na kila mzazi ana ugomvi wake nayo. Lililobaki lilitoka kwa asiyetarajiwa.

MTOTO: Mimi nimechora yangu.

Alitoa daftari. Ukurasa mzima ni Menengai, ile kasoko, imechorwa kama sufuria iliyopasuka. Ndani kuna Chemosit wa mguu mmoja, flamingo mwenye miguu ya stimu, na chungu mkubwa kuliko matatu.

FUNDI: Hii inaweza kutengenezwa. Sitanii. Wesley Kirinya, Mkenya, alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mchezo mzima wa pande tatu, enzi ambazo hapa intaneti ilikuwa ya kupanga foleni. Haya, unamkamataje huyu chungu?

MTOTO: Unaenda shimoni kwake, unauliza.

FUNDI: Unamuuliza nani?

MTOTO: Wale wengine wa shimoni. Wakikataa unaondoka. Wakikubali unakaa naye mpaka mvua iishe, halafu unamrudisha.

MWALIMU: Usiporudisha?

MTOTO: Shimo linakufa. Halafu nyasi za hapo zinaisha, halafu huwezi kupita.

FUNDI: Na Chemosit?

MTOTO: Kogo amesema hapigwi. Yeye ukimwona unakaa ndani mpaka apite. Unangoja tu.

FUNDI: Unangoja? Mtoto wangu, hakuna atakayelipia mchezo wa kukaa ndani akingoja.

KOGO: Kwani wewe unalipisha kwa wanyama waliokamatwa?

FUNDI: Hapana, Kogo. Kwa nusu saa.

KOGO: Basi waache wangoje.

Fundi alilichukua daftari akaanza kuhesabu kurasa zilizobaki wazi, huku akimuuliza mtoto kama mdomo wa Chemosit utawaka muda wote au usiku tu. Mwalimu alitaka kujua ni mvua zipi, za masika au za vuli. Hapo wakaanza kubishana upya.